Jalada Lililochorwa Kisiba

Ninakusanya majarida na vitabu vya upelelezi, vile vyembamba vya bei nafuu vilivyouzwa kwenye vibanda vya magazeti na stendi za mabasi, na ninavikusanyia Kisiba, mahali ambapo mtu mwenye busara asingeweka karatasi ya aina yoyote. Huku kwetu Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ifikapo Machi na Aprili chumvi hutota ndani ya mkebe, viatu vya ngozi huota ukungu wa kijani chini ya kitanda, na kitabu kilichoachwa wazi jioni hakikubali kufungika asubuhi. Karatasi wangekusanya watu wa Dodoma. Sisi tungekusanya mawe.

Hata hivyo vitabu vyangu vimeishi, na vimeishi kwa sababu ya mama. Yeye ndiye aliyevipandisha darini juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi na maharage, wala si kwa kuvipenda. Hapakuwa na mahali pengine pakavu. Moshi ulivikausha, ukafukuza mende na mchwa, na ukavipa rangi ya chai iliyokolea. Ukifungua sanduku langu la bati leo, harufu ya kwanza ni ya moshi na ya pili ndiyo ya karatasi kuukuu. Mkusanyaji mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam, kijana anayeijua kazi hii kuliko mimi, alipofika kwangu mwaka jana alifunua sanduku, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Mzee, hivi vimebanikwa!" Sikukasirika. Ni kweli vimebanikwa.

Alikuja kwa ajili ya kitabu kimoja, nacho ni Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla. Yeye anayo nakala safi yenye jalada lake la asili, ambalo halijakunjwa wala kuandikwa jina la mtu. Alitaka kunipa hiyo, pamoja na fedha juu yake, ili achukue ya kwangu ambayo haina jalada la asili kabisa. Ya kwangu ina jalada lililochorwa na marehemu kaka yangu hapahapa Kisiba mwaka 1976. Habari za mazungumzo yetu nitazieleza, lakini kwanza sharti niseme jalada la hadithi ya upelelezi ni kitu gani, maana sisi wakusanyaji twaweza kuongea juu ya majalada usiku kucha bila hata mmoja wetu kuuliza yanafanya kazi gani.

Ugonjwa huu waliuanza wenzetu wa Marekani. Mwaka 1920 mabwana wawili, H. L. Mencken na George Jean Nathan, walianzisha jarida lililoitwa Black Mask. Hawakulipenda, walitaka tu fedha za kulishikilia jarida lao jingine lililokuwa la heshima zaidi. Ndani ya Black Mask ndimo alimokulia Dashiell Hammett, na hadithi yake ya The Maltese Falcon ilitoka humo kwa sehemu, tangu Septemba 1929 hadi Januari 1930, kabla haijawa kitabu. Majarida ya namna hiyo yalichapwa kwenye karatasi duni iliyotokana na mbao, ambayo hugeuka kahawia na kuvunjika vidoleni kama chapati iliyolala. Lakini jalada lilikuwa la karatasi nzuri yenye kung'aa, lenye rangi kali: bastola, mwanamke anayepiga kelele, kivuli mlangoni. Miaka ikapita, hadithi za ndani zikamomonyoka, majalada yakabaki. Basi haishangazi kuwa mkusanyaji wa kule huangalia jalada kwanza, na mara nyingine haangalii kitu kingine.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Jalada ndilo lililotangulia kufa. Kitabu kilinunuliwa na mmoja Mbeya au Tukuyu mjini, kikasomwa na watu thelathini. Kilikunjwa kikatiwa mfuko wa nyuma wa suruali, kikaenda nacho mtu kuchuma chai, kikafunikia kikombe cha togwa, kikalaliwa. Baada ya mwezi jalada lilikuwa limekwenda. Halafu ulifuata ukurasa wa jina la kitabu, ndiyo maana nilisoma baadhi ya vitabu hivi bila kujua vinaitwaje wala ni vya nani. Tulimwita mwandishi "yule wa Wingo" au "yule wa Willy". Halafu, ole wetu, zilifuata kurasa za mwisho. Mtu ambaye hajasoma hadithi ya mauaji isiyo na kurasa nne za mwisho hajui njaa. Ilibidi kumtafuta aliyekisoma kikiwa kizima, naye alijiona mfalme. Mmoja wao, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alikuwa akitutajia muuaji kwa malipo ya ndizi mbivu, na kila aliyelipa alitajiwa muuaji wa kwake.

Kwa hiyo watu wa rika langu tulizijua hadithi hizi bila sura. Majalada nilikuja kuyaona ukubwani, nilipoanza kutafuta nakala nzima, na mengi niliyaona kama mtu anayekutana na mama mzazi wa rafiki yake wa zamani: loo, kumbe ndiye huyu.

Yale ya kwanza kabisa kuyaona yakiwa mazima yalikuwa ya African Film. Wenye umri wangu watalikumbuka jarida hilo la hadithi za picha, la mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70, na shujaa wake Lance Spearman, au Spear kwa kifupi. Lilitoka kwa kampuni ya Drum, iliyoanzia Afrika Kusini, na Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi, mtu mwenye uso mpana na kofia ambayo haikumtoka kichwani hata alipokuwa akipigwa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Kaka ndiye aliyekuwa akitufasiria, kwa Kiswahili pale penye mapigano na kwa Kinyakyusa pale penye utani, na nilipokuja kujisomea mwenyewe niligundua kuwa nusu ya utani ule haukuwamo. Nakiri kuwa Spear wa kaka alikuwa mcheshi kuliko wa Drum.

Majalada ya African Film ni picha za kamera, na hapo ndipo ninapoyaonea shaka. Yanasisimua, ndiyo. Kuna bastola, kuna adui, kuna ile kofia. Lakini ukiyapanga kumi mezani utaona kuwa ni jalada moja limepigwa mara kumi. Jambo pekee linalosemwa ni kwamba Spear yupo na atashinda, jambo ambalo msomaji alilijua kabla hajatoa senti zake. Halikuambii ni wapi. Spear aliendesha gari lake la fahari, akampigia simu Kapteni Victor, akafuatana na Sonia na yule kijana Lemmy, katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye barabara za lami tupu na polisi Waafrika watupu. Kumbe kampuni mama ilikuwa na mizizi katika nchi ambayo wakati huohuo mtu mwenye rangi ya Spear hakuruhusiwa kukaa benchi moja na Mzungu. Jalada halikunong'ona hata neno moja juu ya hilo. Pengine ndiyo sababu tulilipenda: lilitupa nchi ambayo shida hiyo ilikwisha zamani. Simlaumu mtoto aliyelipenda. Namlaumu mkusanyaji wa leo anayelitundika ukutani kama picha ya Afrika ya siku zile.

Katalambulla aliuelewa upungufu huo, nadhani. Yeye mwenyewe alikuja kuwa na jarida la hadithi za picha kwa Kiswahili, Film Tanzania, ambamo waigizaji walikuwa watu wetu na mitaa ilikuwa ya Dar es Salaam. Picha zake hazikuwa na ufundi wa zile za Drum, lakini msomaji aliyewahi kufika Kariakoo aliweza kusema, "Hapa napajua." Baadaye likaja Sani, lililochukua jina lake kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, nalo likaingia kwenye katuni zaidi kuliko upelelezi, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, walitembea hadi huku kwetu milimani. Hilo ni somo jingine na sitaliingia, ila niseme tu kwamba Ndunguru ni miongoni mwa wachoraji wachache wa wakati ule ambao majina yao yanatajwa. Katika nakala nyingi nilizo nazo mchoraji wa jalada hatajwi popote. Mwandishi yupo, mchapaji yupo, bei ipo. Aliyekufanya ununue hayupo.

Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, ikichapishwa na East African Literature Bureau, taasisi ileile iliyokuwa imemtoa Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa ni mtu wa kiko na fikra. Hana haraka, na mauaji kwake ni fumbo la kuzungumzwa na Najum barazani. Inspekta Wingo wa Katalambulla ni polisi, ana mshahara na ana wakubwa, na dunia yake ni ya ofisi, magari, na simu. Simu ndiyo roho ya kitabu kile tangu jina lake. Sasa mfikirie kijana wa Kisiba akikisoma, mahali ambapo hapakuwa na simu hata moja.

Kitabu cha kaka kilimfikia bila jalada. Akaamua kukitengenezea. Haikuwa sanaa hiyo, ilikuwa ukarabati: vitabu vilikuwa adimu na fedha zilikuwa adimu zaidi, na kitabu uchi hakimalizi masika mbili. Alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikata, akaigandisha kwa uji wa unga wa ngano, na kwa kuwa upande wa juu ulibaki mtupu akachora. Alichora kwa kalamu ya Bic, kwa masizi ya sufuria, na kwa utomvu wa mgomba. Kila mama wa Rungwe anaujua utomvu wa mgomba, kwa sababu ukidondokea nguo umedondoka milele. Unaanza kama maji na kuishia kahawia nzito isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kaka aliugeuza rangi. Damu yote katika jalada lile ni utomvu.

Nitalieleza kama lilivyo. Mtu amelala kifudifudi katikati ya migomba. Mvua inanyesha, na mistari ya mvua imepigwa kwa rula, yote sambamba, hata pale inapopita juu ya jina la kitabu. Mkononi mwa yule mtu kuna kisikio cha simu, na kando ya kichwa chake ipo simu yenyewe: sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha ubavuni, kama zile za zamani ambazo ulizungusha kumwamsha opereta. Kaka aliwahi kuiona moja tu maishani mwake, mezani kwa karani mmoja mjini, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Waya wa simu unatoka hapo, unapita kati ya mashina ya migomba, unateremka mteremko, na kuingia ziwani.

Hapo kwenye ziwa ndipo ninapomwomba msomaji asimame nami kidogo. Ziwa letu, ambalo wengine huliita Masoko na wengine Kisiba, ni shimo la volkeno lililojaa maji, la mviringo, tulivu mno, lenye kuta za miti. Kando yake lipo jengo la mawe la enzi za Wajerumani, na hakuna mtoto wa huku asiyesimuliwa kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, walipoona wamezidiwa, Wajerumani walitupa silaha na fedha zao ziwani. Wengine wamepiga mbizi kuzitafuta. Sisi tulikatazwa kuogelea, na sababu tuliyopewa haikuwa kina cha maji. Kwa hiyo kaka alipopeleka waya wa simu ndani ya maji yale, kila mtu wa Kisiba aliyelishika jalada alielewa mara moja ni nani yuko upande wa pili wa simu. Hakuwa fulani wa Dar es Salaam. Ni kitu kilichotupwa chini zamani na watu wenye bunduki, ambacho hakijaoza.

Kwa mchoraji aliyesomea, jalada lile ni baya. Miguu ya marehemu ni mirefu kupita kiasi na migomba inafanana na miavuli iliyochanika. Vilevile inawezekana ninamsingizia kaka yangu hekima. Pengine waya ulikuwa mrefu na karatasi ikaisha upande wa ziwa. Lakini nimeyatazama majalada mengi, ya kwetu na ya wenzetu, na ni machache sana ambayo ukiyaangalia unajua kwamba aliyechora alikisoma kitabu, akaogopa, na akajua anaogopa nini. Jalada la kawaida la upelelezi ni la muuzaji. Linamwambia mpita njia, nunua. La kaka ni la msomaji. Kitabu kilikwisha kununuliwa, hapakuwa na wa kumshawishi. Kilichobaki ni kusema alichokiona humo ndani.

Wahakiki wetu wa vyuoni hawakuwa na subira na vitabu hivi. Waliviita fasihi pendwa, na neno "pendwa" walilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Walisema vinawapumbaza vijana kwa anasa za mjini na mashujaa wa kuiga. Kuhusu anasa hawakukosea. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anakunywa na kuvaa na kupendwa kwa kiwango ambacho mshahara wa serikali ya siku zile usingekibeba. Lakini wasomaji hawakumezwa na kitabu namna ile wanayodhani. Mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, nao usifunguliwe hadi 1983, kaka alikitengenezea Kufa na Kupona jalada pia. Willy Gamba wake alikuwa na suti na tai na bastola kama ilivyotakiwa. Miguuni alikuwa na mabuti ya mpira. Nilipomwuliza alinijibu, "Nairobi si mvua inanyesha?" Nilimwambia mpelelezi hawezi kuvaa mabuti. Akasema basi atateleza.

Upo uhakiki mwingine uliofanyika nyumbani kwetu, nao ulifanywa kwa mkasi. Katikati ya miaka ya 80, vitabu vilipokuwa vikichapwa na watu binafsi kwa karatasi ya kubahatisha, jalada la mwanamke nusu uchi lilikuwa karibu sheria. Kimoja cha namna hiyo nilikileta mimi. Mama alikuwa Mmoraviani wa kanisa lile lililoingia Rungwe mwaka 1891, na wageni wa kanisa walikuwa hawakauki nyumbani. Nilirudi jioni nikakuta yule mwanamke amekatwa, kwa uangalifu sana, kufuata mstari wa mwili wake, pakabaki tundu la umbo lake, na kupitia tundu unasoma jina la mwandishi kwenye ukurasa wa ndani. Nililalamika. Mama alisema, "Huyu alikuwa anasikia baridi." Alikuwa amemtia mekoni.

Nilicheka wakati ule, kisha nikakisoma kitabu upya nikimtafuta huyo dada aliyeungua. Hayumo. Kuna wanawake watatu ndani, mmoja mama mwenye nyumba, mmoja karani, mmoja maiti, na hakuna hata mmoja anayefanana naye. Aliwekwa nje kutuingiza ndani, kama yule anayesimamishwa mlangoni mwa baa. Katika hadithi ya upelelezi kila kitu anachoonyeshwa msomaji ni ushahidi, na jalada ndilo ushahidi wa kwanza anaopewa. Mwandishi aruhusiwa kumpotosha msomaji wake, hiyo ndiyo kazi yake, lakini upotoshaji wenyewe sharti uwe na mahali ndani ya hadithi. Ushahidi usiohusiana na kesi ni takataka. Mama hakuwahi kusoma hadithi ya upelelezi hata moja, naye aliiondoa.

Sasa nifike nilipokuwa nikikwepa. Kaka alifariki mwaka 1991. Miaka miwili baadaye nilianza kukusanya kwa kanuni, maana yake nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba kitabu bila jalada la asili si kitu. Kufa na Kupona ya kaka haikuwa uchi kabisa alipoitengeneza. Jalada la asili lilikuwapo, limechanika, naye alibandika la kwake juu. Nikawaza kwamba chini ya saruji yangu kuna almasi. Nilichemsha birika, nikakishikilia kitabu juu ya mvuke, nikaanza kubandua kwa kisu cha mezani.

Karatasi ya mfuko wa saruji ni ngumu ikiwa kavu. Ikilowana inaachana tabaka kwa tabaka. Wino wa Bic uliyeyuka ukawa wingu la bluu. Suti ilikwenda, tai ilikwenda, uso ulikwenda. Utomvu ndio uliobaki, doa moja la kahawia lisilo na maana lilipokuwa jeraha la adui. Na chini yake, kwa kuwa uji wa ngano ni chakula, mende walikuwa wamekwisha kula jalada la asili zamani, labda kabla moshi haujawafukuza. Nilikuta mabaki ya ukubwa wa stempu tatu. Nilikuwa nimeharibu jalada moja kwa ajili ya jingine ambalo halikuwapo. Vipande nilivitia mekoni alimokwenda yule dada.

Nilimweleza yote haya yule kijana wa Dar es Salaam, tukiwa tumekaa barazani mvua ikipiga bati. Alisikiliza kwa heshima. Halafu akaomba aishike Simu ya Kifo tena, akatoa simu yake ya mkononi akawasha taa, akaisogeza karibu na jalada. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama asubuhi alipokuwa akilipangia bei.

"Mzee," akasema, "mkono wa kuzungusha uko upande wa kushoto."

Nikasema ndiyo, uko ubavuni.

"Simu zile mkono ulikuwa kulia. Nimewahi kuuza mbili. Na angalia, kisikio amekishika kwa kulia, kama mtu ambaye mkono wake wa kazi ni ule mwingine. Na mvua yote inaegemea hivi. Aliyechora alikuwa mashoto?"

Alikuwa mashoto. Shuleni alichapwa kwa ajili hiyo hadi akajifunza kuandika kwa kulia, ila kuchora, kukata kuni na kula mahali ambapo hakuna mgeni, alifanya kwa kushoto. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Jalada lile nimekaa nalo karibu miaka hamsini, nimelieleza kwa watu, nimeliandikia kurasa hizi, na sikuwa nimeliona hilo.

Hatukubadilishana. Alilipiga picha kwa simu yake, mbele na nyuma, akaniachia ile nakala yake safi niisome kwanza, niirudishe nitakapopata mtu anayeshuka Dar es Salaam. Nikasema ndaga. Nilimsindikiza hadi barabarani chini ya mwavuli mmoja.

Tangu siku ile nimejaribu kukumbuka Willy Gamba wa kaka alikuwa ameshika bastola kwa mkono gani. Mabuti nayaona. Tai naiona, hata fundo lake. Mkono siuoni.